Bustani ya Majirani

Mtu apitaye njiani huona uso wa nyumba tu: mlango, madirisha, pengine maua mawili matatu. Mambo ya kweli ya nyumba yako nyuma. Nyuma ndiko mama anakoanika nguo, ndiko sufuria zinakooshwa, ndiko kuku wanakolala, ndiko watoto wanakopigana na kupatana. Tena huko nyuma ndiko lupango yetu inakogusana na lupango ya jirani, na mahali pa kugusana ndipo maneno yanapoanza. Katika kazi yetu ya ukatekista tumeitwa mara nyingi kupatanisha watu wawili waliosali katika kanisa moja miaka mingi. Tukichunguza chanzo cha ugomvi, tunakuta mwembe uliopitisha matawi juu ya ukuta, au maji ya kuoshea vyombo yaliyotiririka upande wa pili.

Siku moja kijana mmoja wa darasa letu alituuliza: «Mwalimu, kwa nini watu wasibomoe kuta hizi, nyuma ya nyumba pakawa bustani moja ya wote?» Wenzake walicheka sana. Sisi hatukucheka, kwani jambo hilo limekwisha kufanyika, tena si mara moja. Limefanyika katika miji mikubwa kuliko yetu, ambako ardhi ni ghali na watu hawajuani. Mahali pengine limedumu, na mahali pengine kuta zilirudi. Tunapenda leo kuwasimulia habari hiyo, kusudi kila mmoja aone ni kitu gani kinachoifanya bustani ya wengi iishi, na ni kitu gani kinachoiua.

Kilima cha Notting Hill

Tuanze London, mji mkuu wa Uingereza. Upande wake wa magharibi kuna kilima kiitwacho Notting Hill. Miaka mia mbili iliyopita palikuwa mashamba tu. Mwenye ardhi, bwana James Weller Ladbroke, alitaka kujenga mtaa mpya, na mwaka 1823 mchoraji wake wa ramani, Thomas Allason, alichora njia kubwa ya duara yenye bustani katikati. Lakini mwaka 1825 mabenki ya Uingereza yalipatwa na mashaka makubwa, na kazi ya kujenga ikasimama. Mwaka 1837 mtu mwingine alifungua hapo uwanja wa mbio za farasi. Naye hakufanikiwa: udongo wa kilima kile ni wa mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha farasi huzama na kuteleza. Mwaka 1841 mbio zikakoma. Ndipo nyumba zilipoanza kujengwa kwa wingi, katika miaka ya 1840 na 1850, na mmoja wa mafundi waliozichora alikuwa Thomas Allom.

Katika mitaa ya zamani ya London ilikuwa desturi kuweka bustani mbele ya nyumba, katikati ya njia nne. Mtu akitaka kuingia ilimpasa kuvuka barabara pamoja na magari ya farasi na matope yake. Wajenzi wa Notting Hill waligeuza mambo. Bustani waliiweka nyuma, katikati ya safu mbili za nyumba zinazopeana migongo. Kila nyumba ilipewa kipande kidogo cha ardhi chake peke yake; mwisho wa kipande hicho pana mlango mdogo, na nje ya mlango huo ni bustani kubwa ya nyumba zote. Mama aliweza kusimama dirishani na kuwaona watoto wake wakicheza chini ya miti, wala hawakukanyaga barabara hata kidogo.

Na nani atafyeka majani? Nani atalipa mtunza bustani? Hapo Waingereza walifanya jambo la akili. Mwaka 1851 Bunge lilitunga sheria kwa ajili ya mtaa wa Kensington, nayo ikaruhusu kila bustani kuwa na kamati yake, na gharama zake kutozwa kila nyumba pamoja na kodi ya mji. Basi mtu hakuweza kusema: «Mwaka huu silipi, kwa sababu nimegombana na mwenyekiti.» Zaidi ya bustani kumi za namna hiyo ziko hata leo katika mtaa ule, na watu wanazitumia.

Lakini tusisahau upande wa pili wa kilima. Chini yake, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, palikuwa na mtaa ulioitwa Potteries, yaani penye wafinyanzi. Watu maskini walichimba udongo wa matofali hapo, wakafuga nguruwe katikati ya nyumba zao, na mashimo yakajaa maji machafu. Kipindupindu cha mwaka 1849 kiliwaua wengi. Hivi juu ya kilima palikuwa bustani yenye ufunguo, na chini palikuwa dimbwi lisilo na mlango. Bustani ya Notting Hill ilikuwa ya majirani, ndiyo. Lakini neno «jirani» lilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa fedha. Ni vizuri tukumbuke jambo hili tunapoendelea.

Mama aliyenunua nyumba ishirini

Sasa tuvuke bahari mpaka Marekani, katika mji wa New York. Mwaka 1811 wakubwa wa mji huo walichora njia zao zote mpya kwa rula: barabara ndefu, na njia za kuzikata, kama mistari ya daftari. Viwanja vikakatwa sawasawa, kila kimoja upana wa mita saba na nusu hivi na urefu wa mita thelathini. Hawakuacha kichochoro nyuma ya nyumba. Basi nyumba ilitazama njia kwa mbele, na kwa nyuma ikabaki na ua mdogo uliogusa ua wa nyumba ya njia ya pili. Kila mtu akatia uzio wa mbao. Ukipanda juu ya paa, ungaliona katikati ya nyumba nyua nyingi nyembamba, zenye nguo zinazoanikwa na takataka, wala jua haliingii vizuri.

Mwaka 1918 na 1919 mama mmoja, jina lake Charlotte Hunnewell Sorchan, alinunua nyumba za zamani ishirini katika mtaa wa Turtle Bay, safu mbili zinazopeana migongo. Mafundi wake walikuwa Edward Dean na William Bottomley. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuzigeuza nyumba: jiko wakalipeleka upande wa njia, na sebule wakaipeleka nyuma, kusudi chumba kizuri kitazame bustani. Kisha wakaondoa mbao zote za nyua. Katika kila kiwanja walitwaa kipande cha mwisho, upana wa mita mbili tu au pungufu kidogo, wakaviunganisha vyote kuwa njia moja ya katikati yenye miti na chemchemi ya maji, iliyoigwa chemchemi ya Villa Medici katika mji wa Roma. Sehemu iliyobaki ya kila ua iliachwa kuwa ya mwenye nyumba, lakini ukuta wake ukawa mfupi, mtu aweze kumsalimu jirani yake. Mwaka 1920 kazi ilikuwa imekwisha.

Ndugu wasomaji, fikirini hesabu hii. Kila nyumba ilitoa mita mbili za ardhi, na mita mbili hazimfukarishi mtu. Lakini nyumba ishirini zilipotoa kila moja mita zake mbili, ilipatikana njia ya kutembea, kivuli, na mahali pa ndege kuimba katikati ya mji wa mawe. Mwandishi E. B. White, aliyekaa hapo, alimaliza kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya New York kwa habari ya mti mmoja wa bustani ile, mti mzee ulioshikwa kwa waya usianguke. Mti wenyewe haupo tena, ila bustani ipo.

Karibu wakati uleule, katika mtaa mwingine wa New York, bwana William Sloane Coffin alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1920 kampuni yake ilinunua nyumba ishirini na kitu kati ya njia ya MacDougal na njia ya Sullivan. Nyumba zile zilikuwa za miaka ya 1840 na 1850, nazo zilikuwa zimechakaa. Alizitengeneza, akaondoa nyuzio za nyuma, akaacha kila nyumba na sakafu yake ndogo ya kupumzikia, na ardhi yote iliyobaki akaifanya bustani moja. Yeye alitaka watu wa mshahara wa kadiri wapate kukaa vizuri, maana nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuwa za matajiri tu. Mji wa New York uliuandika mtaa wa Turtle Bay katika orodha ya mahali pa ukumbusho pasipoharibiwa mwaka 1966, na ule wa MacDougal mwaka 1967. Lakini kadiri miaka ilivyopita, bei ya nyumba zile ilipanda mno, na leo mtu wa mshahara wa kadiri huziangalia kwa mbali.

Sunnyside, mtaa wa wafanyakazi

Je, haiwezekani bustani ya namna hiyo kwa watu wa kazi? Swali hilo liliwasumbua watu wachache wa New York mara baada ya vita vya kwanza vya dunia. Wakubwa wao walikuwa bwana Alexander Bing, aliyejua biashara ya majumba, na mafundi wawili wa kuchora, Clarence Stein na Henry Wright. Mwaka 1924 waliunda kampuni ya kujenga nyumba, wakaweka sheria ya ajabu: faida ya wenye fedha isipite 6 kwa mia. Wakanunua ardhi kwa shirika la reli katika wilaya ya Queens, ng'ambo ya mto, ekari 77, yaani hektari 31 hivi. Ardhi ilikuwa rahisi, kwani ilikuwa karibu na viwanja vya treni. Lakini gari-moshi la mjini lilikuwa limekwisha kufika huko tangu mwaka 1917, na nauli yake ilikuwa senti tano tu. Mfanyakazi aliweza kulala Sunnyside na kufanya kazi katikati ya mji.

Walijenga tangu mwaka 1924 mpaka 1928, nyumba za jamaa 1,200 hivi. Nyumba ni za matofali, za ghorofa mbili au tatu, ndogo, wala hazina mapambo mengi. Njia za mji zilikuwa zimekwisha kuchorwa, nao hawakuruhusiwa kuzibadili. Basi wakafanya akili ndani ya mistari ileile: nyumba wakazipanga pembeni pembeni kufuata njia, na katikati wakapaacha wazi. Majengo yalichukua 28 kwa mia tu ya ardhi. Nyuma ya nyumba yake kila mwenyeji alipata bustani ndogo ya kulima maua au mboga, urefu wa mita tisa hivi. Baada yake ilifuata ardhi ya pamoja, yenye majani, miti na njia za miguu. Bibi Marjorie Sewell Cautley ndiye aliyechagua miti na mimea. Magari, ambayo siku zile yalikuwa machache, yaliwekewa mahali pake pembeni ya mtaa, yasiingie kati ya nyumba.

Sasa angalieni vizuri namna ya umilikaji, kwani humo mna kiini cha habari yote. Ardhi ya katikati haikuwa ya serikali, wala si ya kampuni. Kwa karatasi, kila mwenye nyumba alikuwa na kipande chake mpaka katikati ya ua. Lakini katika hati ya kila nyumba palikuwa na mapatano yaliyoandikwa: kipande hicho kitatumiwa na majirani wote wa ua ule, mwenyewe hatajenga ukuta juu yake, wala hatakifunga, na wadhamini waliochaguliwa na wenye nyumba wataitunza bustani kwa fedha za wote. Mapatano hayo yaliifuata ardhi, si mtu. Mtu akiuza nyumba, mnunuzi alirithi nyumba pamoja na ahadi. Na mwisho wa hati palikuwa na mstari mmoja ambao labda wengi hawakuusoma mara mbili: mapatano yatadumu miaka arobaini.

Siku za njaa

Bustani zile zilizaa matunda yake upesi. Watoto walikua pamoja, mama walijuana, watu walifanya michezo na mikutano. Mwandishi Lewis Mumford, aliyeandika vitabu vingi juu ya miji, alikaa Sunnyside tangu mwaka 1925 mpaka 1936, akausifu mtaa ule maisha yake yote.

Lakini mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka, na miaka ya njaa ikafuata. Wenyeji wa Sunnyside walikuwa wamenunua nyumba zao kwa deni la kulipa kila mwezi. Wengi walikosa kazi, wengine mishahara ikakatwa nusu, na deni likabaki palepale. Mwaka 1935 mamia yao walifanya mgomo: wakakataa kulipa, wakaomba riba ipunguzwe. Maofisa wa mahakama walipokuja kuwatoa watu, majirani walijikusanya mlangoni kuwazuia. Kampuni yenyewe, ile ya 6 kwa mia, ilifilisika. Zaidi ya nusu ya wenyeji walipoteza nyumba zao.

Hapo tunaona jambo linalostahili kufikiriwa. Watu waliofukuzwa walikuwa wamejuana katika bustani zile. Tena wengine husema kwamba bila bustani zile wasingaliweza kusimama pamoja vile. Wamiliki walibadilika, mabenki yalitwaa nyumba, nyumba zikauzwa tena kwa wageni. Nazo bustani? Bustani zilibaki. Hakuna benki iliyoweza kutia uzio, wala mnunuzi mpya. Mapatano yalikuwa katika hati, na hati haikujali nani ana fedha na nani hana. Njaa kubwa kuliko zote haikuziharibu bustani za Sunnyside.

Kilichoziharibu ni kalenda.

Miaka arobaini ikatimia

Mapatano ya kwanza yalitimiza miaka arobaini mwaka 1964, na ya mwisho mwaka 1968. Hakukuwa na vita wala msiba. Tarehe ilifika tu, na ahadi ikafa kifo chake cha kawaida. Waanzilishi wengi walikuwa wamekufa au wamehama. Wenye nyumba wapya walikuwa watu wema kama wengine, lakini walisoma hati zao na kuona kwamba ardhi ile mpaka katikati ya ua ni yao. Walilipa kodi yake kila mwaka. Mmoja akasema: «Watoto wa jirani wanakanyaga maua yangu.» Mwingine akasema: «Gari langu nitaliweka wapi?» Maana sasa karibu kila nyumba ilikuwa na gari.

Mtu wa kwanza akatia senyenge. Jirani yake alipoona njia imekatwa, bustani iliyobaki ikawa haina maana kwake. Naye akatia senyenge. Wengine walijenga vibanda, wengine wakachimba mabirika ya kuogelea, wengine wakamwaga simenti wapitishe magari. Katika nyua kadhaa ardhi ya wote ilikatwa vipande katika muda mfupi. Nyua nyingine zilibaki wazi, kwa sababu majirani waliwahi kukaa pamoja na kupatana upya. Hivi katika mtaa mmoja, wenye nyumba zilezile na matofali yaleyale, ungaliweza kuona ua mmoja wenye miti na watoto, na wa pili uliojaa kuta.

Mwaka 1974 mji wa New York uliingilia kati. Ofisi ya mipango ya mji iliitia Sunnyside katika sheria maalum ya kulinda mitaa iliyojengwa kwa mpango mmoja. Tangu hapo mtu hakuruhusiwa kujenga ukuta mpya au njia mpya ya gari bila ruhusa. Lakini sheria hiyo haikubomoa kuta zilizokwisha kujengwa. Mwaka 2007 mji uliuandika mtaa wote katika orodha ya mahali pa ukumbusho. Hata hapo wenyeji hawakuwa na neno moja. Wengine walifurahi, wakisema mtaa umepona. Wengine waliogopa gharama, kwani kutengeneza dirisha tu kungehitaji karatasi na ruhusa. Wakasema ulinzi huo utawalemea wenye mshahara mdogo, na kumbe mtaa ulijengwa kwa ajili yao. Sisi tuliosoma habari hii kwa mbali hatuwezi kuwahukumu. Tunaona tu kwamba serikali ilifanya kwa amri, tena kwa shida, kazi ambayo majirani wenyewe wangaliweza kuifanya kwa mkutano mmoja kabla ya mwaka 1964.

Vichochoro vya Uingereza

Kabla ya kumaliza, turudi Uingereza kidogo, kwa watu wa hali ya chini. Sheria ya afya ya mwaka 1875 iliipa miji ya viwanda uwezo wa kuweka masharti ya ujenzi, nyumba za wafanyakazi zijengwe kwa utaratibu. Nyuma ya safu za nyumba waliacha kichochoro, hasa kwa sababu moja: vyoo vilikuwa nyuma, na mikokoteni ilipita huko kuchukua uchafu. Baadaye vyoo vya maji vilipoingia, vichochoro vikakosa kazi. Vikawa mahali pa takataka, magodoro mabovu, na wezi.

Sheria za mwaka 2000 na 2005 ziliruhusu wakubwa wa miji kuweka malango kwenye vichochoro vya namna hiyo, na wenyeji kupewa funguo. Katika miji kama Manchester na Liverpool majirani walifagia, wakaondoa takataka, wakaweka vyungu vya maua na viti juu ya mawe yaleyale ya zamani, kwani udongo wa kupandia haukuwapo. Mama wazee waliokuwa wakiogopa kufungua mlango wa nyuma wakaanza kuketi huko jioni.

Lango nalo lina ubaya wake, maana huwafungia nje wapita njia waliokuwa na haki. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2014, iliyochukua mahali pa amri zile za malango, inasema hivi: amri ya kufunga mahali pa watu wote hudumu muda usiopita miaka mitatu, ikitakiwa kuendelea, sharti ifikiriwe upya, na watu waulizwe. Linganisheni na Sunnyside. Huko ahadi ililala miaka arobaini, na siku ilipoamka ilikuwa imekufa. Huku kila miaka mitatu watu huulizwa: «Je, bado mwaitaka?» Mapatano ya muda mfupi yanachosha, ni kweli, maana mikutano haiishi. Lakini hayasahauliki.

Tujifunze nini?

Kijana wetu wa darasa aliuliza kwa nini watu wasibomoe kuta. Sasa twaweza kumjibu.

Kwanza, kubomoa ukuta ni kazi rahisi. Mtu mwenye nyundo huimaliza kwa siku moja. Kazi ngumu ni ile inayofuata, kila wiki na kila mwezi: kufyeka, kufagia, kulipa, kusuluhisha. Notting Hill wana kamati na kodi tangu mwaka 1851, na bustani zao zipo.

Pili, bustani ya wote haitaki mtu anyang'anywe kila kitu. Mahali popote tulipopataja, kila nyumba ilibaki na kipande chake: kwa maua yake, kwa nguo zake, kwa siri zake. Mtu asiye na mahali pake hawezi kuwa mkarimu. Turtle Bay walitoa mita mbili, wakabaki na zilizosalia, na amani ikakaa.

Tatu, mpaka wa bustani lazima uulizwe: nani yumo, na nani yuko nje? Watu wa Potteries waliishi chini ya miti ambayo hawakuruhusiwa kuigusa. Bustani inayowaunganisha majirani ishirini na kuwasahau mia mbili imefanya nusu ya kazi.

Nne, na hili ndilo kubwa: ahadi ya wazazi haiwafungi watoto milele. Watu wa Sunnyside walishinda njaa, wakashindwa na tarehe. Waliwafundisha watoto wao kuipenda bustani, lakini hawakuwafundisha ni kwa mapatano gani bustani ile ilikuwapo. Mtoto alidhani miti ile iliota yenyewe, na nafasi ile ilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Wahenga wetu walisema: ahadi ni deni. Nasi twaongeza: deni hilo ni lazima lisomwe tena mbele ya wale watakaolilipa.

Sisi hatuwaambii wasomaji wetu waende kesho kubomoa kuta zao. Wengine wana ukuta kwa sababu ya wezi, wengine kwa sababu ya mbuzi, na hao wana haki. Lakini tuwaeleze jinsi ule ugomvi wa mwembe ulivyokwisha. Wale jirani wawili hawakubomoa kitu. Walipatana kwamba matawi yaliyovuka ni kivuli cha wote wawili: mmoja atafagia majani Jumatatu, wa pili Alhamisi, na maembe yatagawanywa. Wakatuomba tuyaandike katika daftari. Tulipokuwa tukiandika, mtoto wa mmoja wao alisimama karibu akitazama kalamu. Tukamwita, tukamsomea maneno yote, tukamwambia ayarudie kwa sauti mpaka ayajue.

Wahenga walisema tena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Majirani wa Sunnyside walijua maana yake mwaka 1964. Mtoto yule tulimtaka aijue mapema, kwani siku moja wale baba wawili hawatakuwapo, na mwembe bado utakuwa ukiangusha majani pande zote mbili.